Ililia Ikibeba

Ilianza Jumatano, tumetoka Mabogini
na majani ya ng'ombe, matita arobaini,
yamepanda juu kupita kabini.
Kwiri, kwiri, kwiri,
kama kifaranga aliyefunikwa na kapu akasahaulika.
Nikadhani tumemfunga ndege ndani ya majani.
Nikasimama. Naye akasimama.
Nikaenda. Akaenda.

Pikapu hii ni ya mwaka themanini na nne.
Mlango wa kushoto unafunguka kwa nje tu.
Geji ya mafuta ilikufa ikionyesha nusu,
na tangu hapo tunaishi nusu, hatuulizi.
Sauti zake nazijua moja moja:
ile springi, ile bodi,
ile spana iliyodondokea ndani ya mlango
enzi za baba mkwe, haijatoka mpaka leo.
Huyu kifaranga simjui.

Asubuhi nikashuka Moshi mjini, nyuma tupu,
gari likanyamaza kama mtoto aliyeona sindano.
Fundi wa Pasua akasema, beringi za magurudumu.
Akabadilisha.
Fundi wa Njoro akasema, difu.
Akaifungua, akamwaga oili nyeusi kwenye ndoo,
akatikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani:
laki tatu na themanini.
Wa tatu akasema ni mimi.
"Mama, masikio nayo huzeeka."
Nikamlipa elfu mbili ya kuangalia.
Jioni, na majani yangu, kabla hata ya lami kwisha:
kwiri, kwiri.

Ndipo nikaelekezwa kwa Aminieli,
Majengo, nyuma ya wapasua mbao.
Hakushika spana. Alivuta kigoda.
"Linalia lini?"
Wote waliniuliza wapi.
"Likibeba," nikasema,
na nilipolitamka ndipo nikalijua.

"Basi tulibebeshe."
Akaita vijana wake wanne,
mchomeleaji na miwani yake meusi,
muuza maandazi na ndoo iliyorudi pungufu,
wapasua mbao watatu waliojaa vumbi hadi kope,
na mifuko sita ya saruji ya jirani, kwa kuazima.
Wakajaa nyuma kama harusi isiyo na bibi harusi.
Tukashika njia ya Kiboriloni. Aminieli pembeni yangu,
kiganja sakafuni, macho kafumba.

Kwiri.

"Huyo! Huyo!" wakapiga kelele nyuma.
"Kanyaga klachi." Nikakanyaga.
Injini ikashuka pumzi, kifaranga akaendelea.
"Si injini. Giaboksi nayo tuiache kwanza.
Punguza mwendo." Nikapunguza, naye akapunguza.
"Anahesabu propela huyu. Kila mzunguko, neno moja."

Uvunguni, kwa tochi ya simu, akanionyesha
krosi ya nyuma. Kando ya kikombe chake
unga mwekundu, laini, kama pilipili ya kusaga.
"Hizi zilikuwa sindano. Zimesagana kwa kukosa grisi.
Gari tupu, krosi imekaa pale ilipozoea, haisemi kitu.
Ukipakia, springi zinalala, pembe inabadilika,
ndipo kidonda kinaguswa."

Elfu thelathini, na grisi juu yake.
Ile difu ya Njoro sikuitaja.
Mchomeleaji alidai nauli ya kurudi.

Jioni nikapandisha Kibosho na matita arobaini,
redio nimeizima, nasikiliza kusikosikika.
Spana ilikuwepo mlangoni. Springi ilikuwepo.
Tukafika, Ombeni akapanda juu kufungua kamba,
na kwenye kila fundo nikasikia
pumzi fupi ikimtoka, mkono wa kulia tu.
Miaka sita ananifungia majani.

"Ombeni, hilo bega linakuuma lini?"

Akaacha fundo nusu.
Akakaa juu ya majani, akafikiri.