Saa ya Chumvi

Alilala saa nne usiku, anasema mkewe.
Saa kumi na moja nikamkuta hivi,
mdomo umeporomoka upande mmoja,
mkono wa kulia kama wa mtu mwingine.
Hapo katikati sijui.
Nilikuwa nimelala. Nisamehe, nilikuwa nimelala.

Ananiomba radhi mimi,
fundi wa picha, zamu ya usiku,
ghorofa ya chini kabisa, Edmonton, Januari.

Kilianza lini? Wameshamuuliza mara nne.
Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda
ina masaa yake, na kiharusi hiki
kiliingia nyumbani bila kubisha.

Bohdan Hrynchuk. Miaka thelathini na miwili
aliendesha lori la manispaa la kumwaga chumvi,
usiku, madarajani, mitaa ya shule,
ili tuliolala tusiteleze asubuhi.
Buti zake zimo mfukoni chini ya kitanda,
na ngozi yake bado ina mstari mweupe.
Mtu wa umri huu husemwa amekula chumvi nyingi.
Huyu aliimwaga kwa tani.

Kila seli ina bawabu mlangoni.
Kazi yake ni kuitoa chumvi.
Inapenya, anaitoa. Inapenya, anaitoa,
hata mwenye kichwa akiwa anaota.
Ujira wake hewa na sukari, mkononi, papo hapo,
hafanyi kazi kwa mkopo.
Damu ikikwama hapigi kelele za mgomo.
Anashusha mikono tu,
na chumvi inaingia polepole
kama maji yapitayo chini ya mlango,
kina kikipanda saa baada ya saa.

Kina hicho ndicho tunachotaka kukipima.

Picha za kila siku tunazipata kwa maji:
maji mwilini ni tele, yanapaza sauti.
Sodiamu hunong'ona.
Namvalisha kofia nyingine, ya antena
iliyotegwa kwa mnong'ono huo peke yake.
Bwana Hrynchuk, dakika kumi, usitikisike.
Ananijibu kwa jicho moja.

Sumaku inagonga, inagonga.
Paraskevia, nyuma ya kioo: Mnasikiliza nini humo?
Chumvi, nikasema.
Akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka.
Basi mwacheni, akasema, hiyo anaijua.

Picha ikaja, punje punje,
kama dirisha lililopuliziwa pumzi.
Macho yakang'aa kwanza, yote mawili,
maana jicho ni kisima cha maji ya chumvi.
Halafu, kushoto, mahali yanapokaa maneno,
doa.
Si jeupe sana. Linaelekea huko.

Daktari Okimaw akalipima, akalilinganisha na upande mzima,
akakuna shingo.
Labda saa tatu zimepita. Labda nne.
Usinishike kwa neno hilo, huu ni utafiti.
Na fomu aliyotia saini mama inasema wazi:
hautamfaa huyu. Pengine wa mwakani.

Lakini mlango ulikuwa wazi, naye alisikia.
Saa tatu?
Akahesabu kwa vidole kurudi nyuma.
Saa tisa mbwa alibweka, akasema.
Nilimwambia nyamaza.
Nikageukia ukutani.

Sikujua la kusema. Nilitaka kumpa saa,
nikampa saa ya kujilaumu.
Ni makisio, mama, nikamwambia,
na hapo sikutia chumvi hata punje:
makisio, ya mashine ambayo bado
inajifunza kusoma.

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu,
kama mtu anayempisha mwingine mlangoni.
Tukamtoa mumewe. Alikuwa anatetemeka,
nikamwongezea blanketi.
Yeye akauvuta mfuko kutoka chini ya kitanda,
akatoa buti moja, akaipakata,
akaanza kuukwangua ule mstari mweupe
kwa ukucha.