Swali la Tatu

Meneja kanipa rundo la karatasi:
"Waulize watu wetu hufikaje kazini,
tujue kwa nini lango la ghala, hapa Shimanzi,
saa moja na nusu haliingiliki."
Kwa nini mimi? Ati hati yangu yasomeka.

Swali la kwanza: Watoka wapi? La pili: Saa ngapi?
La tatu nililiachia nafasi ya neno moja:
Wafikaje?

Nyamvula wa uhasibu kaandika hadi ukingoni,
kageuza karatasi, kaendelea:
Natoka Mtongwe alfajiri, jogoo wa jirani angali kimya.
Likoni nasimama. Feri ikiondoka najua nimechelewa,
isipoondoka najua vilevile.
Mwaka huu nimesuka ukili wa mikeka mitatu pale kivukoni.
Mmoja kalalia mkwe wangu, wala hajui ni mkeka wa foleni.

Kenga, mpakiaji: Kwa miguu.
Basi. Nikamfuata. Toka Mikindani, kwa miguu?
"Pale Kibarani nawapita nyote, dada.
Meneja hunipungia mkono kiooni, nami humpungia.
Nikifika nanywa chai. Nikimaliza, ndiyo anaingia."

Msellem wa mauzo: Gari langu. Peke yako? Na redio.
Onditi: Gari langu.
Zuhura wa forodha: Gari, lakini si langu, ni la benki.

Usiku, kwetu Majengo, nikazitandaza fomu
juu ya meza tunayosukumia mahamri.
Msellem: Bombolulu, nyuma ya duka la dawa.
Onditi: Bombolulu, mkabala na duka hilo.
Zuhura: Bombolulu. Ghorofa ya juu ya duka hilohilo.
Nikacheka peke yangu, mama akaniuliza kuna nini.
Magari matatu, viti kumi na vitano, vichwa vitatu,
yafuatana Daraja la Nyali kama ndugu waliokosana kwa mirathi,
kila mmoja apigia honi kisogo cha mwenziwe
asijue ni cha nani.

Nikaandika: malori yapakie usiku.
Nyamvula aanze saa nne, hesabu si samaki, hazitaoza.
Wa Bombolulu wapande gari moja, wapokezane kwa wiki.
Kenga apewe baiskeli, na chuma cha kuifungia
mbali na moshi wa dizeli.
Meneja akasoma, akasema vyema, vyema,
kisha akauliza kwa sauti ya chini
kama nafasi yake ya kuegesha imeguswa.

Malori yalikataa. Nyamvula alipewa saa tatu.
Wiki ya kwanza, gari la Msellem lilikwenda kimya.
Ya pili wakagombania redio: huyu taarabu,
huyu habari, huyu mawaidha, mwisho ikazimwa.
Na ilipozimwa, hapo katikati ya daraja, wamekwama,
Onditi akasema mama yake alifariki mwezi wa tatu.
Msellem hakuwa na habari.
Madawati yao yagusana, mwaka wa nne huu.

Foleni haikuisha, nisiwadanganye.
Imepungua magari mawili.
Ukisimama Buxton asubuhi ukatazama,
hulioni pengo.

Nami? Fomu yangu ilibaki chini ya rundo, tupu.
Majengo hadi langoni ni dakika ishirini na tano kwa miguu,
na kila siku nachukua tuktuk nzima, peke yangu,
kwa ajili ya viatu hivi vya kisigino.
Leo nimevitia mkobani.
Karibu na reli, kengele ikalia nyuma yangu: "Pisha, mama!"
Nikapisha. Kenga akanipita, shati limejaa upepo.
Hakunitambua kwa malapa.