Saa Tisa na Dakika Ishirini

Nina ngazi moja, ufunguo mmoja wa shaba,
na saa arobaini na saba za ukutani
katika makao haya ya wazee, Puolanka.
Mara mbili kwa mwaka nazipandia moja moja,
kama mchuma matunda aliyekosea msimu:
ya jikoni inanuka samaki,
ya chumba cha mvuke imeota ukungu ndani ya kioo,
na ile ya chumba cha maiti
sijui nani aliitundika, wala kwa faida ya nani,
ila nayo huirekebisha.

Wiki hii redio inauliza: tuache?
Wamekuwa wakiuliza tangu nilipokuwa na nywele.
Osmo mfuga ng'ombe ana jibu lake tayari:
"Ng'ombe hasomi gazeti.
Kiwele kikijaa, kimejaa.
Nikimchelewesha saa nzima kwa amri ya serikali
hulia mpaka ng'ambo ya ziwa wakajua
kwamba kuna sheria imepitishwa."
Daktari naye ana lake: moyo, usingizi,
magari yanayogonga paa alfajiri za kiza.
Na goti langu la kulia
limeshapiga kura.

Tungemaliza hapo.
Lakini chumba cha kumi na tisa
yupo Raili Karppinen.

Mumewe, Aulis, alifia kitanda cha dirishani
usiku ule wa Oktoba ambao saa tisa huja,
hupita,
halafu hurudi kama mtu aliyesahau kofia.
Muuguzi akaandika daftarini:
saa tisa na dakika ishirini.
Hakuandika ipi.

"Ya kwanza," Raili aliniambia,
"nilikuwa nimemshika mkono, nikasinzia.
Ya pili nilikuwa jikoni, nachemsha kahawa.
Basi niambie, Ilmari, wewe mwenye ufunguo:
alikwenda mkononi mwangu,
au alikwenda peke yake
huku nikitafuta sukari?"

Mimi ni mtu wa ngazi. Nilitazama ngazi.

Tangu hapo, kila Oktoba, chumba chake nakiweka mwisho.
Tunakaa. Saa tisa na ishirini ya kwanza inapita,
naye amefumbata kiganja kitupu juu ya blanketi.
Ikigonga saa kumi nainuka, nairudisha nyuma,
nasi tunaanza upya usiku uleule.
Ya pili ikifika hunywa kahawa, bila sukari,
akitazama mlango.
Ukija mwezi Machi naruka tisa nikatue kumi;
dakika ile haipo kabisa duniani.
Huo ndio usiku pekee anaolala fofofo.

"Wakiacha," aliuliza jana,
"watakuwa wamechagua ipi?"

Karatasi ya maoni ninayo mfukoni, imekunjika.
Ina kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha hapana,
na mstari mmoja mfupi wa maelezo,
usiotosha hata jina la Aulis na la baba yake.
Najua Osmo ana haki. Najua daktari ana haki.
Ningekuwa ng'ombe ningelia pamoja nao.
Ila saa hupimwa,
na kisichopimika husaa,
kikakaa chumba cha kumi na tisa, kikasubiri ngazi.

Usiku huu nimeitungua saa yake, nimeipakata.
Kumi imeshagonga. Tisa haijarudi.
Nimefungua kioo.
"Ngoja kidogo," amesema Raili,
"usiipeleke popote."
Basi tumekaa hivyo, yeye na kiganja chake,
nami nimeushika mkono wa saa, mwembamba, wa baridi,
unaosukumasukuma kidole changu
kama kitu kinachotaka kwenda.

Nje theluji ya kwanza.
Ng'ombe wa Osmo ameanza kulia.