Mpambe

Presha ya macho imemla Baba jicho la kulia lote,
la kushoto nusu. Magazeti yamebaki ya kufungia nyama.
Kwa hiyo jioni, nikishamaliza kufundisha Kifaransa
watoto wa South C wanaotamka kila kitu kwa pua iliyoziba,
navuta kiti karibu na jiko, maana Julai ya Nairobi haina huruma,
na kufungua kitabu nilichookota kwa shilingi mia na hamsini
kando ya Mtaa wa Moi. Hakina jalada.
Kinaanzia ukurasa wa kumi na tisa,
hivyo hatujui mtu huyu alizaliwa vipi.
Tumemkuta ana miaka kumi na sita, ameshika kinara.

Ndiyo kazi yake, Baba. Mfalme akienda kulala
huchaguliwa mtu mmoja wa kumshikia mshumaa
wakati anavuliwa soksi.
Mabwana wenye ngome na misitu yao
hununiana mwezi mzima kwa ajili ya mshumaa huo.
Baba anacheka hadi kikohozi kinamkata.
"Mimi ulikuwa mwavuli," anasema.
"Miaka tisa. Bega hili lilikuwa likilowa peke yake."

Hilaire wa Montbrac. Baba humwita Hilali, kama mwezi,
nami nimeacha kumsahihisha.

Kuna neno lilinikwamisha. Mkaa na wakubwa?
Mtu wa baraza? Niliandika *mnafiki*, nikalifuta.
Baba, uso ukielekea dirishani asipoona kitu:
"Mpambe. Anayepamba. Si ndilo jina letu?"
Kisha, "Na vitani je?"
Vitani alipambana.
"Basi umeongeza *na* tu," akasema.
"Na adui. Na mwenzio. Na baridi."

Tukafika kwenye mji uliozingirwa, mto umefurika,
risasi imekaa nyongani mwa Hilali kama mpangaji sugu.
Farasi wake ametajwa jina, na rangi, na aliyemzaa.
Kijana aliyembeba Hilali mgongoni kuvuka yale maji
ameitwa *mtumishi*.
"Soma tena."
Nikasoma tena.
"Hamna jina?"
Hamna.
Maharagwe yakachemka, yakatulia, yakaanza kushika chini.
"Mimi alinibeba Ekidor. Kopla Ekidor Lomuria.
Alikuwa akiimba, akiimba vibaya. Chukua penseli.
Andika hapo pembeni."
Nikaandika, kwenye ukingo wa karatasi ya Ufaransa,
herufi kubwa, kana kwamba ataweza kuzipapasa.

Mfalme alimuuliza Hilali, mezani, mbele ya wageni,
ni wangapi waliokufa kwenye mji ule.
Wote walijua jibu linalotakiwa: *wachache, mtukufu, na kwa furaha.*
Yeye akahesabu. Akahesabu kwa sauti.
Bata akapoa kwenye sahani za fedha.
Mfalme akafuta midomo, akasema tu,
"Bwana wa Montbrac amechoka."

Baba hakucheka hapo.
"Mimi pia nilichoka hivyo," alisema. "Barua ilikuja Ijumaa.
Jumatatu mwavuli ulikuwa na mtu mwingine, mrefu kuliko mimi."
Sijawahi kumuuliza alihesabu nini.
Medali zake zimo kwenye kopo la Blue Band, juu ya kabati,
pamoja na vifungo na betri zilizokufa.

Jana stima ilipotea tukiwa tumebakiza kurasa nne.
Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja, jenereta ya kinyozi ikaanza kulia.
Nikasema tulale, tutamaliza kesho.
Nikamsikia akipapasa droo, kiberiti, njiti ya kwanza
ikivunjika, ya pili ikikubali.
Meja Mwakio alisimama nyuma ya kiti changu
wima, visigino pamoja,
mshumaa umeinuliwa usawa wa ukurasa, si wa uso wake.
Nta ilimwagikia kidole gumba. Hakusogea.
"Endelea," akasema. "Mwanga unatosha?"