Dakika Kumi Kabla ya Barabara

Saa tisa na nusu usiku, karakana ya Vassbotn,
milimani Norwei, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
na Eilif hawashi lori.

Hili ndilo lililoniudhi majira yote yale ya baridi.
Theluji inamwagika kama unga wa gunia lililotoboka,
mbele yetu kilomita thelathini na mbili za kusafisha,
basi la wanafunzi linapita saa moja kasorobo,
na mzee amekaa nyuma ya usukani, taa ndogo ya dari,
miwani imeteleza puani,
Biblia ya marehemu Gudrun mapajani,
jalada limelainika kama kandambili ya miaka mingi.
Anasoma kidogo. Aya tano, sita.
Kisha anafumba macho, na midomo haitikisiki.

Mimi namimina kahawa. Nakohoa makusudi.
Natazama saa.

Siku moja nikashindwa kuvumilia: Eilif,
kwani Mungu hajui kwamba tuna kazi?
Si ungeomba njiani, huku tunasukuma?
Akasema: Njiani pia naomba.
Akawasha lori.

Kileleni, pale vijiti vya pembeni vinapoanza kuzama,
alinyoosha kidole cha glavu:
Hapa tulipita jana.
Nikatazama. Hapakuwa na jana.
Palikuwa na weupe tu, umejifunga juu ya njia
kana kwamba lami haijapata kuzaliwa.
Haikuanguka kwa hasira, akasema.
Ilianguka polepole, chembe kwa chembe, sisi tumelala.
Ukiiacha wiki, lori hili haliliwezi tena rundo,
na watu wa ng'ambo wanakaa bila maziwa.
Akabadilisha gia.
Moyo nao.

Nakiri, nilidhani kuna kitu anapewa mle:
sauti, joto, ishara fulani. Nikamwuliza.
Akacheka mpaka miwani ikaanguka.
Asubuhi nyingi ni baridi tu, kijana.
Gudrun alipoondoka, miaka miwili nilisoma
kama mtu anayesoma orodha ya vipuri.
Lakini nilikuja.
Na nadhani Yeye alikuwa ameshafika.

Februari wakampeleka Bergen kwa ndege,
wakamwekea kifuani kijibetri cha kuhesabu mapigo.
Nikabaki mimi, na lori, na mlima.
Siku ya kwanza nilitoka karakanani kama mwizi.
Siku ya pili vilevile. Niliokoa dakika kumi,
na sikumbuki hata moja nilizitumia wapi.
Siku ya nane, sijui ilikuwaje,
mkono ulifika kwenye ufunguo ukakaa hapo.

Sikujua kwamba lori lililozimwa lina kimya kizito hivyo.
Sikuwa na Biblia. Nilikuwa na daftari la mafuta
na nusu ya mkate niliouacha jana, umekauka pembeni;
nikawaza wale wa jangwani, walioweka akiba ya mana
wakaamkia funza.
Maneno nayo sikuwa nayo. Nikasema:
Ni mimi, Jostein.
Yule anayekohoa.

Upepo ulipiga mlango wa bati.
Hakuna aliyejibu, au alijibu
kwa namna ya asiyekuwa na haraka.
Dakika kumi ni ndefu. Nilihesabu tatu,
halafu nikasahau kwamba nahesabu.

Kisha nikawasha,
nikashusha koleo la chuma,
na barabara ileile ya jana ikaanza kufunuka,
si yote,
kile kipande tu ambacho taa zinakifikia.