Hatua za Nani

Karatasi imeandikwa kwa penseli, mkono wa haraka:
"Kutoka mti wa jozi, hatua kumi na mbili kuelekea mtoni.
Kisha kulia, bomu moja kila hatua mbili. Jumla kumi na mbili."
Chini yake saini, na doa la kahawa, au la kitu kingine
ambacho kwa miaka thelathini kimejifunza kufanana na kahawa.

Mti wa jozi haupo.
Uliteketea majira ya baridi ya pili ya vita,
nyumba nne zikaota moto wake. Mevlida anasema
yeye mwenyewe alibeba matawi mgongoni
akipita, bila kujua, palepale.

Tukatafuta kisiki. Siku tisa.
Magoti chini, kioo kimeshushwa usoni,
kijiti kinaingia udongoni kimshazari, kwa adabu,
kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asiitikiwe.
Kigunduzi kikalia: msumari.
Kikalia: kifuniko cha chupa.
Kikalia: nusu ya kiatu cha farasi, zipu, kijiko.
Kila kilio ni dakika arobaini.
Kijiko nacho unakichimbua kwa hofu ileile.

Kisiki tulikipata. Sasa, hatua.
Hatua za nani?
Mimi ni mfupi. Senad ana miguu ya korongo.
Tulipima kwa zangu, tukapima kwa zake,
kati ya hesabu zetu ukabaki ukanda wa mita nne
ambao kila mmoja aliuogopa kivyake.

Basi ofisi ikapiga simu Linz, Austria.
Akaja kwa basi la usiku: Dragoljub,
fundi wa vigae aliyestaafu, koti limenyooshwa pasi,
mfukoni chokoleti asiyojua ampe nani.
Tukamweka kwenye njia iliyokwisha kusafishwa, usawa wa kisiki.
"Tembea," nikamwambia. "Tembea kama siku ile."

Akatembea. Goti lake la kushoto halikunjiki.
Hatua ya tano akasimama, akatazama viatu vyake.
"Siku ile," akasema, "theluji ilifika hapa,
nilikuwa na miaka ishirini na mmoja,
na nilikuwa nakimbia."

Mevlida alisimama ng'ambo ya utepe mwekundu,
mikono kaikunja. Hakumsalimu. Hakumtukana.
Aliuliza neno moja: "Kumi na mbili, una hakika?"
"Nilipewa sanduku la kumi na mbili.
Nilirudi na sanduku tupu."

Tumeinua kumi na moja.
Moja lilikumbatiwa na mizizi ya mplamu, kama lake wa kuzaa;
nilikata mzizi mmoja mmoja, asubuhi nzima, kwa mkasi wa kucha.
Matatu hayakuwa yalipoandikwa:
mwaka wa mafuriko kilima kiliteleza na vyote vilivyokuwamo,
na matope hayasomi karatasi.
La kumi na mbili huenda limekwenda na maji,
huenda limelala chini ya nguzo ya daraja,
huenda kiwandani mtu alihesabu vibaya
kwa kuwahi chakula cha mchana.

Fomu ya makabidhiano ina swali moja: Salama?
Ndiyo. Hapana. Hakuna nafasi ya tatu.
Fedha za wafadhili zinaisha Oktoba, Novemba ardhi inaganda.
Msimamizi amekohoa nyuma yangu. Hanilazimishi.
Sijaandika kitu.

Plamu zimeiva, zinaanguka zenyewe.
Mevlida anasema huzisikia akiwa kitandani,
puu, kisha kimya, kisha puu,
na kwa kila moja hushika pumzi
mpaka ajue kuwa ni tunda.

Kesho tunaanza upya kisikini.
Senad atakimbia kwenye njia safi, mimi nitahesabu.
Theluji hatuna.
Tutamfunga mifuko ya mchanga miguuni.