Huruma ya Tisini

Mchezo ni wa bure. Hapo wote wanakubaliana,
kisha hawakubaliani tena juu ya lolote.

Mimi ndiye ninayewapelekea tambi
saa nane za usiku, kiti cha kumi na moja, kiti cha kumi na mbili,
ukumbi wa kompyuta juu ya duka la dawa,
Jangsaengpo, upande wa bandari wa Ulsan.
Trei haina masikio. Mbebaji anayo.

Deok-su, mfunga milango ya magari kiwandani,
anasema: pigana kwanza ndipo useme.
Likwepe joka kwa upana wa unywele,
sekunde inapasuka, upanga unarudi wenyewe kiganjani.
Niambie, ni wapi pengine
mtu wa zamu ya usiku anapewa sekunde nzima iwe yake?
Mikono yake inakata hewa. Mchuzi unapoa.

Mi-ryeong hajalipa hata senti, mwaka wa tatu huu.
Haba na haba: kila asubuhi kabla ya mswaki
anaokota almasi zake sitini za siku.
Mchezo haujanila mimi, hujigamba.
Lakini kwenye harusi ya dada yake
alichomoka katikati ya picha ya ukoo,
tukio lilikuwa linafungwa saa sita mchana.
"Sasa nani kamla nani?" Deok-su anauliza.
Anajibiwa kwa kijiti cha kulia, sikioni.

Ui-jin wa uhandisi anapenda hadithi yake.
Alilia fundi taa alipokufa sura ya saba,
akalia kweli, nilimpelekea tishu.
Ila ana swali:
shujaa wa barafu, mlinzi wa kilele kisichoyeyuka,
mbona kavaa nguo za kuogelea?

Na Bong-seok, binamu yangu, mchomeleaji wa meli.

Anayemwaga pesa humo huitwa nyangumi.
Si tusi, ni kama cheo.
Kwetu neno hilo lina mifupa:
lipo jumba la makumbusho, mwendo wa dakika sita,
limening'inia kwa nyaya, watoto wanahesabu mbavu.
Babu yetu alivuta kamba ya chusa bandari hii hii
hadi uwindaji ulipopigwa marufuku.
Mjukuu naye anavuta.

Subira huvuta heri, anasema, akivuta.
Kumi: samawati.
Kumi: samawati, na zambarau moja ya kumpa pole.
Hamsini. Bonasi ya sikukuu imekwisha.
Sabini. Anatoa kadi nyingine, ile ya mkewe.
Themanini na tisa.

Ipo kanuni: ukikosa mara themanini na tisa,
ya tisini lazima iwe dhahabu. Wameiita huruma.
Nimelitafuna neno hilo nikifuta meza.
Huruma yenye hesabu.
Huruma inayongoja kwanza mfuko ulie.

Tisini. Dhahabu! Skrini yote, nyuso zote,
hata wa kiti cha kwanza, asiyecheza, amesimama.

Siye.
Ni mpiga filimbi yule yule, wa nne sasa,
anainama kwa adabu na kusema amefurahi kukufahamu.

Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.
Ui-jin alivuta mara moja tu jioni, akimsubiri rafiki,
akampata.
Nilimwona akiilaza simu kifudifudi,
taratibu, akaweka bakuli juu yake.

Mchezo mbovu, Bong-seok anasema. Wezi. Nimeacha.
Deok-su anasema si mchezo, ni duka lililomo ndani ya mchezo.
Mi-ryeong anasema ungeweka akiba.
Hakuna anayesema juu ya kadi.
Anakula tambi zote, anakunywa hata mchuzi,
nami naziandika daftarini chini ya zile za Jumanne.

Saa kumi na moja, koti begani, anageuka mlangoni.
"Huyo mpya anatoka lini?"

"Alhamisi," nikamjibu,
kabla sijajizuia.